Devil's Kettle, Minnesota: birika ambalo kwa kweli ni kinu

Tangu nihamie Minneapolis nimekuwa nikisimuliwa habari za Devil's Kettle, maporomoko ya maji ya kaskazini mwa Minnesota, na watu wa namna mbili: wale wanaoapa kwamba nusu ya mto huingia shimoni isionekane tena, na wale waliokwenda wakarudi wakinung'unika kwamba hapana cha ajabu, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kueleza maji yanakokwenda. Oktoba iliyopita tulikwenda kujionea wenyewe, tukiwa watu wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 9, na shangazi yangu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, ambaye magoti yake yana sehemu kubwa katika tathmini hii. Nilichokiona ni kwamba anayelifuata fumbo peke yake atarudi na nusu tu ya kilichopo. Mto wenyewe ndio bora, na kuhusu mto hakuna aliyewahi kunisimulia neno.

Jina la mahali hapa, likifasiriwa, ni Birika la Shetani. Shangazi alipofasiriwa akiwa ndani ya gari aliuliza kama tunasafiri umbali wote ule kwenda kunywa chai kwa Ibilisi, akavuta ushungi wake vizuri na kusoma Bismillahi, na kuanzia hapo hakulitaja jina hilo tena. Akawa anasema "huko kwenye maji". Maporomoko yenyewe yako katika Mto Brule, ndani ya mbuga ya jimbo iitwayo Judge C. R. Magney State Park, yapata kilomita 23 kaskazini mashariki ya mji mdogo wa Grand Marais. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1957, na imepewa jina la Clarence R. Magney, mwanasheria aliyekuwa meya wa Duluth na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, ambaye alipigania sana ardhi ya kando ya Ziwa Superior itengwe iwe ya umma. Namshauri anayetumia ramani ya simu aandike jina la mbuga badala ya jina la mto, kwa sababu kuna Mto Brule mwingine katika jimbo la Wisconsin, ng'ambo ya ziwa, na kosa hilo linaweza kukupotezea siku nzima.

Kutoka Minneapolis ni mwendo wa karibu kilomita 450, yaani saa tano hivi kama hamsimami, nasi tulisimama sana. Sehemu ya kwanza, hadi Duluth, ni barabara kuu ya kawaida isiyo na la kusimulia. Baada ya Duluth barabara nambari 61 inashika ukingo wa Ziwa Superior na haliachi, na hapo ndipo safari inapoanza kulipa. Sote tuliosoma Afrika Mashariki tulifundishwa kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi, lakini sidhani kama wengi wetu tulijishughulisha kuuliza la kwanza ni lipi. Ndilo hili, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 82,000. Shangazi, ambaye amezaliwa na kukulia karibu na bahari, alitushushisha dirisha la gari, akanusa, akasema kwamba haiwezekani maji mengi namna ile yasiwe na harufu ya chumvi wala ya mwani. Hakuridhika mpaka tuliposimama akashuka, akachovya kidole na kuonja. Kidole kiliganda kwa baridi na maji hayakuwa na chumvi.

Jazeni mafuta Grand Marais, na pakueni ramani kabla ya kuondoka hapo, kwa maana sisi mtandao wa simu ulianza kutuchezea mara tu tulipouacha mji. Kiingilio hulipwa kwa gari wala si kwa kichwa. Tulipokwenda kilikuwa dola 7 kwa siku, au dola 35 kwa kibali cha mwaka mzima kinachokubaliwa katika mbuga zote za jimbo, na ziko siku nne katika mwaka ambazo kuingia ni bure. Kwa familia kubwa zinazosafiri katika gari moja, kama zilivyo nyingi za kwetu, bei hii ni nafuu kupita kiasi; gharama halisi ya safari hii ni mafuta, chakula na malazi.

Sasa njia. Kutoka maegesho hadi kwenye maporomoko ni yapata kilomita 1.6, na watu wengi wakisoma tarakimu hiyo huona kwamba ni matembezi ya kushusha chakula. Mwanzo unawaunga mkono, kwa sababu kijia kinapita msituni kati ya mierezi na miti yenye magome meupe yanayobanduka kama karatasi, kikipanda taratibu, na mizizi ndiyo pekee inayohitaji kuangaliwa. Mwezi wa Oktoba majani mengi yalikuwa yamekwisha kuanguka, ya manjano, yakiwa yamelowa na kulala chini, kiasi kwamba ardhi iling'aa kuliko anga. Baada ya hapo korongo linafunguka kando yenu, mnasikia mto chini kabla hamjauona, na ndipo inapoanza ngazi ya mbao inayoteremka hadi karibu na maji. Vidato vyake ni karibu 200. Kijana wetu alivihesabu kwa sauti mpaka 130 na kidogo, akapishana na mbwa, akapoteza hesabu.

Kuteremka ngazi ile ni raha, na hapo ndipo penye mtego. Mwenye kwenda anateremka akiwa na nguvu, na mwenye kurudi anaipanda akiwa amechoka. Hapana njia nyingine, kwani mlikoingilia ndiko mtakakotokea. Shangazi alisimama juu ya kidato cha kwanza, akaitazama ngazi yote hadi chini, kisha akanitazama mimi. "Baba," aliniambia kwa upole ambao najua maana yake, "huku kushuka nitashuka. Je, huko kupanda umenipangia nani?" Nilimwahidi kwamba tutapanda kwa vituo, tutaketi kila penye pa kuketi, na hatutamkimbiza. Ahadi hiyo niliitimiza, na ilituchukua karibu nusu saa kwa ngazi peke yake. Mzee mwenye pumzi nzuri na asiyeharakishwa anaweza kufika na kurudi, lakini mwenye maradhi ya magoti au ya moyo asidanganywe na ule umbali mfupi. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto havina njia hapa.

Chini ya ngazi kuna maporomoko mengine, yanayoitwa Upper Falls, na ni hapo tulipouona mto kwa karibu kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimetayarishwa kwa rangi yake. Maji ya Brule ni ya kahawia, si kahawia ya tope la masika kama ya Mto Sabaki, bali kahawia safi inayopenyeza mwanga, kwa sababu mto unatoka katika vinamasi vya misitu ya bara ambako majani na magome yaliyooza huyakoleza maji kama majani ya chai yanavyokoleza maji ya moto. Ukiyachota kiganjani ni kama chai ya mkandaa iliyochujwa. Yakianguka kutoka mwambani yanakuwa na rangi ya asali. Yakitulia kwenye kidimbwi yanageuka karibu meusi, na juu yake povu jeupe linazunguka polepole katika duara, likijikusanya, likimeguka na kujikusanya tena. Shangazi alisema kwamba kama birika lipo, basi chai yake imeshatiwa rangi. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga, tukala mahamri na mbaazi tuliyobeba toka nyumbani, na ningeshauri yeyote afanye hivyo, kwa kuwa watu wengi walitupita mbio wakielekea kwenye shimo kana kwamba litafungwa.

Kutoka hapo ni kupanda kidogo tena, na kufumba na kufumbua uko kwenye jukwaa la kutazamia. Mto unakuja ukiwa mmoja, unakutana na kichwa cha mwamba kilichosimama katikati ya njia yake, unagawanyika. Mkono wa kulia, kwa anayetazama kutoka jukwaani, unaruka mita 15 hivi na kuangukia kidimbwi kilicho chini, kisha unaendelea na safari yake kama mto mwingine wowote. Mkono wa kushoto haufanyi hivyo. Unateremka kwa kishindo kifupi, unajipinda, na kuzama ndani ya tundu kubwa la mviringo lililo mwambani, lenye kingo laini kama mdomo wa mtungi, na hapo umekwisha. Tundu halijai. Halifuriki. Hapana maji yanayobubujika kando yake wala yanayovuja chini yake. Tuliketi tukalitazama, na macho yetu yakawa yanasubiri, bila sisi kuyaagiza, lile tendo la pili ambalo kila kitu kinachojazwa hulifanya, yaani kumwagika; na halikuja. Hata sauti za mikono hiyo miwili ni tofauti: wa kulia unapiga kelele ya wazi, ya maji yanayopiga maji, ilhali wa kushoto unanguruma kwa ndani, kama lori linalopita barabara ya mbali usiku.

Hata hivyo, lazima niseme wazi kile ambacho picha hazikisemi. Kutoka jukwaani huoni ndani ya shimo. Unaona mdomo wake, unaona ukuta wa juu wa upande wa mbali, unaona maji yakiingia na moshi wa manyunyu ukitoka, lakini kina chake hakionekani, na hapana mahali halali ambapo mtu anaweza kusimama akachungulia. Picha nyingi zinazosambazwa zimepigwa kwa kamera za kuvuta karibu au kutoka angani, na anayezitazama kabla ya kwenda hujenga matumaini ambayo jukwaa halitayatimiza. Tulimwona kijana mmoja akivuka uzio ili aongeze mita chache; mke wangu alimwita mtoto wetu aje asimame nyuma yake mpaka yule bwana aliporudi, kwa kuwa mwamba ule umelowa na unateleza, na anayeingia katika mkondo ule hapana wa kumtoa.

Kijana wetu alikuwa amekuja na mipango yake. Alikuwa amesikia, kama walivyosikia watu wengi, kwamba kwa miaka mingi wageni wametupa shimoni rangi, magogo, mipira midogo ya tenisi ya meza na hata gari zima, na kwamba hakuna kilichoonekana tena mahali popote. Kisa cha gari sikioni kuwa na maana, kwani hapana barabara inayofika pale, na atakayeliteremsha gari vidato 200 anastahili kupewa kazi bandarini Kilindini. Lakini mipira alikuwa nayo kweli, mitatu, mfukoni mwa koti. Tulimkataza, kwa sababu plastiki iliyotupwa mtoni ni taka hata ikitupwa kwa nia ya kisayansi, na tukamruhusu atumie jani. Akaokota jani moja la manjano lenye upana wa kiganja chake, akalirusha kwa nguvu zake zote, na upepo ukalirudisha likaanguka chini ya jukwaa, mita nyingi kabla ya kulifikia shimo. Ndivyo utafiti wetu ulivyokwisha.

Utafiti wa kweli ulifanywa mwaka 2016 na wataalamu wa maji wa Idara ya Maliasili ya Minnesota, na uzuri wake ni kwamba hawakutupa chochote. Walipima tu. Walipima wingi wa maji yanayopita mtoni juu ya maporomoko, kisha wakapima tena mamia kadhaa ya futi chini yake. Kama kweli nusu ya mto ingekuwa inapotea kwenda kwingine, kipimo cha chini kingepungua sana. Juu walipata futi za ujazo 123 kwa sekunde. Chini walipata 121. Kwa lita, hiyo ni karibu 3,480 dhidi ya 3,430, tofauti isiyofika asilimia 2, ambayo katika upimaji wa mto ni sawa na kusema hakuna tofauti. Kwa maneno mengine, maji yanayoingia shimoni yanarudi mtoni humo humo, hatua chache chini, kwa kupitia nyufa zilizo chini ya uso wa maji ambapo jicho haliwezi kuyatambua. Aliyesimama jukwaani akitazama chini anayatazama maji hayo hayo yaliyopotea, asijue.

Basi magogo na mipira ilikwenda wapi? Calvin Alexander, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyehusika na suala hili, alieleza kwamba maji yaliyo chini ya shimo yanazunguka kwa nguvu kubwa mno, yakikivunja kitu kilichoingia na kukizuia kisipande juu mpaka kiwe kimechukuliwa mbali chini ya mto. Maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya nilione upya lile jina. Birika lina mdomo wa kumiminia, na hili halina unaoonekana; lakini ukitafuta chombo cha jikoni kinachofanana nalo, kipo, nacho ni kinu. Mashimo ya namna hii mtoni huchimbwa na mawe yanayonaswa katika mzunguko wa maji na kusagwa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, yakipekecha mwamba kama mchi unavyopekecha kinu, na kingo zake huwa laini kwa sababu hiyo hiyo. Atupaye mpira ndani ya kinu kinachotwangwa usiku na mchana hana haki ya kushangaa akiukosa.

Mwamba wenyewe nao una ushahidi wake. Ni riolaiti, mwamba wa volkano uliotokana na uji mzito wa moto, uliomwagika yapata miaka bilioni 1.1 iliyopita wakati bara la Amerika Kaskazini lilipoanza kupasuka katikati, likaacha kabla ya kumaliza. Sisi tunaotoka kwenye Bonde la Ufa tunaifahamu kazi hiyo, isipokuwa yetu bado inaendelea. Mapango marefu ya chini ya ardhi yanayoweza kuumeza mto hupatikana zaidi katika mawe ya chokaa, ambayo maji huyayeyusha. Riolaiti haiyeyuki namna hiyo, wala haiachi mifereji ya ndani ambayo uji mwepesi wa basalti huiacha unapopoa kwenye mteremko wa volkano. Kwa hiyo hata kabla ya mtu kushika kipimo, mto wa siri wa kwenda mpaka katikati ya Ziwa Superior, kama wengine walivyodai, ulikosa pa kupitia.

Katika hili mtu wa Mombasa ana la kusema, kwa sababu amekunywa maji yaliyopita katika lava ya aina hiyo ya pili. Mvua inayonyesha juu ya Vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Inazama katika lava changa yenye vinyweleo na mapango, inasafiri gizani yapata kilomita 50, kisha inafumuka ikiwa maji maangavu katika chemchemi za Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako sehemu yake hushikwa na bomba na kuletwa mjini kwetu. Pale hakuna anayeliona shimo ambalo maji yanaingilia, ila mahali pa kutokea kila mtu anapaona. Hapa kwenye Brule mambo yamepinduka: kuingia kunaonekana kwa macho, na kutoka kumefichwa hatua chache tu. Nilipomweleza shangazi hayo yote tukiwa bado jukwaani, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema kwamba kwetu pwani shimo kama lile lingekuwa na wenyewe, na wenyewe wangekuwa wamekwisha kutiliwa ubani na halua zamani, na hapana ambaye angethubutu kulitupia gogo. Mke wangu akajibu kwamba hiyo nayo ni njia nzuri ya kutunza mazingira.

Kuhusu wakati wa kwenda. Theluji inapoyeyuka, mwezi wa Aprili na Mei, mto hujaa na nguvu ya maji huwa ya kutisha, lakini kijia huwa na matope na sehemu zenye barafu. Mwezi wa Juni kuna mbu na visubi vya kuuma. Mwishoni mwa Septemba ndipo majani yanapokuwa na rangi kali zaidi, na ndipo pia magari yanapojaa, kwa hiyo fikeni asubuhi mapema. Sisi tulichagua siku ya katikati ya wiki mwezi wa Oktoba, na kuna dakika kama kumi hivi ambazo jukwaa lote lilikuwa letu. Maji yalikuwa ya wastani, na hilo lina faida yake: mikono miwili ya mto ilionekana imeachana waziwazi, na mdomo wa shimo haukufunikwa na manyunyu. Vaeni viatu vyenye soli inayoshika. Shangazi alikubali kuvua makubadhi na kuvaa raba za mke wangu baada ya majadiliano marefu, na kwenye vidato vilivyolowa alikiri, kwa sauti ya chini, kwamba tulikuwa na haki.

Malazi ndiyo sehemu pekee ya safari iliyonitia hasira. Wenye mahema wanaweza kulala ndani ya mbuga yenyewe majira ya kiangazi, lakini sisi, tukiwa na mgeni mzee na baridi ile, tulikodi vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya kando ya barabara ambayo sitaitaja. Tangazo lake lilikuwa limesema kwamba maporomoko ni "matembezi mepesi kwa watu wa rika zote", na nadhani aliyeliandika hajawahi kuteremka ile ngazi, achilia mbali kuipanda. Mashine ya joto katika chumba cha shangazi ilikuwa ikipuliza upepo baridi mpaka saa nne za usiku, na tulipolalamika tuliletewa blanketi moja la ziada na tabasamu. Nawashauri mpige simu kabla na muulize maswali mawili tu: kama joto linafanya kazi, na kama anayejibu amewahi kufika kwenye maporomoko.

Katika nyota tano naipa ziara hii nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile pembe ya kutazamia, inayokuonyesha mdomo wa kinu na kukunyima tumbo lake, na kwa sababu njia hii inawatenga watu wengi ambao wangependa kuiona. Mwenye siku moja tu katika eneo lile, na mwenye miguu, asiikose. Mwenye kusafiri kilomita 450 kwa ajili yake peke yake aunganishe na ziwa, na atenge angalau saa tatu za mbugani badala ya ile moja na nusu inayotajwa na wenye haraka.

Jioni, tulipopata mtandao tena karibu na Grand Marais, shangazi alimpigia simu dada yake aliye Mombasa. Alimsimulia ziwa lisilo na chumvi, akamsimulia ngazi na hesabu ya vidato, ambavyo kufikia hapo vilikuwa vimekwisha kuwa 300, akamsimulia kwa kirefu mto wa chai ya mkandaa unaotoka povu, na jinsi alivyokula mahamri kando yake akiwa amejifunika blanketi. Habari za shimo hakuzitaja kabisa.